Udongo wa Kwetu na Udongo Ulaya

Nimeishi katika nyumba tatu hapa Ngara, na kila moja niliiamini kuwa ndiyo bora kwa wakati wake. Ya kwanza ilikuwa msonge wa nyasi, ambamo nilizaliwa. Ya pili ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma na mabati, niliyomjengea mama yangu. Ya tatu ni hii ninamoandikia sasa, ya matofali ya udongo ambayo hayakupita motoni. Nikizitazama zote tatu naona kwamba historia ya nyumba katika pembe hii ya nchi ni historia ya kuni. Watu wakikutana na mwenye nyumba mpya humwuliza imekula mifuko mingapi ya saruji na mabati mangapi. Ni wachache waulizao imekula miti mingapi, na kila mwaka itakula mingapi mingine ili kuwapa joto na chakula wakaao ndani yake.

Nianze na msonge. Wilaya yetu ni nchi ya milima, sehemu kubwa yake iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi huuma kwelikweli. Wahangaza na Washubi, kama jirani zao Wahaya na watu wa Burundi, waliijibu baridi hiyo kwa nyumba ya duara. Fito ndefu zilichimbiwa ardhini kwa kuzunguka, zikakunjwa na kukutanishwa juu, zikafungwa kwa mizunguko ya matete, kisha nyasi zikaezekwa tabaka juu ya tabaka kutoka chini hadi kileleni. Hapakuwa na ukuta na paa kama tunavyoelewa leo. Paa lenyewe ndilo lilikuwa ukuta. Ndani palikuwa na vyumba vilivyotengwa kwa matete yaliyosukwa, na katikati palikuwa na mafiga.

Moto huo mmoja ulifanya kazi nyingi. Ulipika, ulitoa mwanga, ulipasha joto watu na ndama, ulikausha mtama uliowekwa darini, na moshi wake, uliopenya polepole katika nyasi, ulifukuza wadudu na kulifanya paa lidumu. Nyasi nene hazipitishi joto upesi. Kwa hiyo mama aliweza kufukia makaa kwa majivu wakati wa kulala, na alfajiri tukaamka nyumba bado ina vuguvugu. Kuni za jikoni zilikuwa ni matawi makavu tuliyookota sisi watoto wakati wa kuchunga. Sikumbuki kumwona baba akiangusha mti kwa ajili ya kuni.

Lakini wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, nami nililala ndani. Wanaousifu msonge leo mara nyingi ni wale waliouona katika picha. Hawakuijua giza yake mchana, wala macho mekundu ya mama zetu waliopuliza moto humo miaka arobaini. Hawakuwajua papasi walioishi katika nyufa za sakafu ya udongo na kutuletea homa inayokwenda na kurudi. Wala hawakuona jinsi cheche moja usiku wa kiangazi inavyoweza kuimaliza nyumba nzima kabla jirani hajafika na mtungi wa maji. Msonge ulibana matumizi ya kuni, lakini sehemu ya gharama ililipwa na mapafu ya wanawake.

Wala tusidhani kwamba mababu hawakujua kufyeka misitu. Upande wa Buhaya wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua tanuri za kuyeyushia chuma za tangu miaka 2,000 iliyopita, nazo ziliendeshwa kwa makaa ya miti. Upande wa Biharamulo na Geita kulikuwa na Warongo, wahunzi waliofua majembe yaliyouzwa mbali. Moto wa chuma ulikula misitu. Tofauti ni kwamba moto mkubwa uliwashwa kwa ajili ya jembe. Kwa ajili ya nyumba, hapana.

Mambo yalibadilika tulipoanza kuona aibu. Novemba 6, 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa 1976. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Pamoja na kuhamia vijijini ilikuja kampeni ya nyumba bora, nami nilikuwa miongoni mwa vijana waliopita nyumba hadi nyumba wakiwa na daftari. Nyumba ya pembe nne yenye madirisha iliandikwa kuwa bora. Msonge uliandikwa kuwa duni. Hapakuwa na safu ya kuandika kama nyumba ni ya joto, au kama inatumia kuni chache. Niliifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe, na siku tulipofika kwa mama yangu mwenyewe niliandika neno lilelile. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua kusoma, lakini aliniuliza, "Umeandika nini, mwanangu?" Nilimjibu kwamba tutamjengea nyingine.

Mwaka 1977 Mwalimu aliandika tathmini yake juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Humo aliwakemea Watanzania kwa uraibu wao wa saruji na mabati, akauhesabu kuwa ni aina ya kupooza kwa fikra. Aliona ajabu kwamba mtu aendelee kukaa katika nyumba mbovu akingojea "udongo ulaya", yaani saruji, hali udongo mzuri anaukanyaga kila siku. Aliwahimiza wachome matofali na vigae. Nilisoma maneno yale nikaona yananihusu. Ushauri huo ulikuwa na hekima nyingi, kwani saruji ilikuwa haba na barabara ya kufika kwetu ilikuwa mbaya. Lakini ndani yake, kama ilivyokuwa katika daftari langu, kuni hazikuhesabiwa.

Basi mwaka 1982 nilitimiza ahadi. Tulifyatua matofali 8,000 karibu na kisima, mahali penye udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Tuliyakausha, tukayapanga tanuri, tukaacha matundu matatu chini. Kuni zilitoka kwenye misave na mikuyu iliyozunguka kile kisima, miti ambayo mingine baba aliipanda na mingine aliikuta. Tanuri liliwaka siku tatu mchana na usiku. Vijana waliimba, pombe ilikuwepo, na usiku wa pili lile tanuri lilionekana kutoka mlima wa pili kama mji wenye taa. Nilijiona mwanamume. Mabati niliyasubiri miaka mitatu, kwani huo ulikuwa wakati wa uhaba wa kila kitu.

Mama alihamia mwaka 1985. Nyumba ilikuwa nzuri kuitazama: vyumba vitatu, madirisha sita, mlango wa mbao. Baada ya mwezi mmoja nilikwenda kumtembelea nikamkuta amelala jikoni, katika kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba. Nilikasirika. Nilidhani ananiaibisha mbele ya walimu wenzangu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nyumba yako hailali." Alikuwa na maana kwamba bati lilipopoa usiku lililia, lilipopata jua la asubuhi lililia tena, na mvua iliponyesha hakuna aliyemsikia mwenzake. Mchana chumba kiliwaka kama chungu. Usiku wa manane kilikuwa baridi kuliko nje. Bati jembamba lisilo na dari halizuii joto kuingia wala kutoka. Ili alale ndani ya nyumba ile ilimbidi kuingiza jiko la mkaa, jambo ambalo ni hatari kwa uhai wa mtu. Kwa hiyo nyumba bora ilikuwa imekula miti wakati wa kujengwa, na bado ilidai mkaa kila usiku.

Kile kisima nacho kilipungua. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya tanuri langu peke yake, maana wengi walichoma matofali mahali pale baada ya kuona mfano wangu. Lakini wa kwanza nilikuwa mimi.

Ndipo ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilayani kwetu. Mtu aliyekuwapo hawezi kuusahau umati ule uliobeba magodoro, masufuria na watoto, na chini yake maporomoko ya Kagera yakinguruma. Kambi ya Benako, iliyopata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara, ikawa mji katika siku chache. Zilifuata Lumasi, Musuhura na nyinginezo, hata wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya. Nyumba zao zilikuwa vijiti vilivyofunikwa maturubai ya buluu. Chini ya turubai joto halikai hata kidogo, na chakula cha msaada kilikuwa mahindi na maharage makavu, vitu vinavyotaka moto wa saa nyingi.

Milima iliyokuwa na miti ikabaki na visiki. Kwanza watu walikata karibu, kisha wakawa wanatembea nusu siku. Mashirika yalitia alama miti isiyoruhusiwa kukatwa, yakagawa kuni, yakafundisha majiko ya udongo yanayobana moto na desturi ya kuroweka maharage na kufunika sufuria. Sisi wenyeji tulinung'unika sana, nami nikiwa mmoja wao. Siku moja nilimkamata kijana wa kambini akikata mti nyuma ya shule, nikaanza kumfokea. Alinyamaza tu, mikono imemtetemeka kwa njaa. Nilipofika nyumbani nilikaa nikapiga hesabu kwa mizigo ya kichwani. Kuni nilizochoma mwaka 1982 kwa siku tatu hazikupungua mizigo 200. Familia moja ya kambini, ikitumia mizigo mitatu kwa wiki, ingepika nazo zaidi ya mwaka mzima. Yule kijana alikata mti ili watu wale. Mimi nilikata ili ukuta uwe mwekundu.

Miongoni mwa wakimbizi hao alikuwapo fundi mwashi aliyekuja kuomba kibarua. Nilimpa kazi ya kukarabati jiko la mama. Hakuuliza habari ya tanuri. Alikanyaga udongo kwa miguu pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, akauacha siku kadhaa, kisha akafyatua matofali makubwa na kuyaanika kivulini. Kwao huitwa rukarakara. Sisi tungesema matofali mabichi. Alijenga juu ya msingi wa mawe uliofika magotini, akasema, "Mzee, udongo ukivaa viatu na kofia hauogopi kitu." Viatu ni msingi wa mawe, kofia ni paa lenye upenu mpana. Jiko lile lilimpendeza mama kuliko nyumba yangu yote. Alilala humo hadi alipofariki mwaka 1998. Fundi alikuwa amekwisha rudi kwao Desemba 1996, wakati wakimbizi wa Rwanda waliporejeshwa, na sijapata habari zake tena.

Nilipostaafu mwaka 2008 nilikuwa na deni. Nilitaka kujenga nyumba ambayo mama angekubali kulala ndani yake.

Nilikwisha kusikia juu ya kazi za kitengo cha utafiti wa majengo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1971, ambacho tangu 2001 ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Ujenzi. Kwa miaka mingi wataalamu wake wamefundisha matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya aina hiyo iliyojulikana zaidi duniani ilibuniwa Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, nayo haihitaji mafuta wala umeme. Huhitaji mtu mwenye kifua. Saruji huwa asilimia 5 hadi 10 tu ya mchanganyiko. Saruji nayo si kitu kisicho na moto, maana chokaa yake huchomwa kiwandani kwa nyuzi zipatazo 1,450, na viwanda vya saruji vya dunia hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokayo kwa kazi za binadamu. Kwa hiyo ukiitumia itumie kama chumvi.

Kwanza nilipima udongo. Nilitia udongo nusu chupa, nikajaza maji, nikatikisa na kuacha utulie. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Udongo wetu mwekundu ulikuwa na mfinyanzi mno, na tofali la mfinyanzi mtupu hupasuka likikauka, kwa hiyo nikaongeza mchanga wa mtoni. Tulitengeneza matofali 5,600, tukayafunika kwa majani ya migomba na kuyanyunyizia maji kwa wiki mbili ili saruji iliyomo ishike. Saruji yote ya matofali haikufika mifuko 50. Hapakuwa na tanuri, na kwa mara ya kwanza tangu nijue ujenzi, mke wangu hakulalamika juu ya kuni.

Kuta za nje nilizipa unene wa karibu sentimita 30. Ukuta wa namna hiyo hupokea joto la mchana polepole, na linapofika ndani jua limekwisha tua, wakati hasa watu wanapolitaka. Sisi tuko karibu na Ikweta. Jua linachomoza na kutua likitupiga mashariki na magharibi. Basi pande hizo nilizipa kuta fupi zisizo na madirisha makubwa, na kuta ndefu zenye madirisha nikazielekeza kaskazini na kusini. Upenu una upana wa sentimita 90, ili mvua isipige ukuta. Paa ni bati, sikuweza kulikwepa, kwa sababu nyasi ndefu za kuezekea sasa ni adimu na mafundi wake wamekufa. Lakini chini ya bati niliweka dari ya mikeka ya mafunjo iliyopakwa udongo kwa juu. Usiku bati hulia kama zamani, ila sisi tulio chini hatusikii. Sakafu ni ngumu, papasi hawana ufa. Jikoni nilijenga jiko la udongo lenye dohani inayotoa moshi nje, na ukuta wa jiko ndio ukuta wa chumba cha kulala, ili moto wa chakula cha jioni utupashe joto bila kutuingilia machoni. Hilo nililiiba kwenye msonge.

Nisijisifu kupita kiasi. Mchwa walipita kwenye fremu ya mlango mmoja mwaka wa pili. Ukuta wa magharibi, ambako nilifanya ubahili wa upenu, umeliwa na mvua na kila miaka mitatu naupaka upya. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wetu wa Kagera, likaua watu wasiopungua 16, wengi wao Bukoba, na kubomoa maelfu ya nyumba, za matofali mabichi na za kuchoma pia. Kwetu lilitikisa tu. Nyumba yangu ilipata ufa mmoja mwembamba juu ya dirisha, na naamini iliokolewa na mkanda wa zege wenye nondo niliouzungusha juu ya kuta. Anayetaka kujenga kwa udongo asidhani kwamba lenta ni anasa.

Ng'ambo ya mto nao wamepita njia yao. Katika miaka ya 2010 na 2011 Rwanda iliziondoa nyumba zote za nyasi kwa kampeni ya serikali, kama tulivyofanya sisi na madaftari yetu. Lakini mwaka 2019 wakuu wa nchi hiyo waliruhusu rasmi rukarakara kwa kanuni maalumu, ikiwa ni pamoja na msingi unaofaa na usimamizi. Niliposikia nilimkumbuka yule fundi. Alikuwa na elimu hiyo mikononi miaka 25 kabla, akaomba kibarua.

Leo ukisimama Rusumo huoni daraja lile jembamba la 1994 likibeba malori. Jipya lilijengwa kwa msaada wa Japani, na maporomoko yamefungwa mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Nyaya zinapita juu ya vilima ambavyo bado wanawake wanavishuka na mizigo ya kuni. Serikali ina mkakati, uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Namwomba Mungu lifanikiwe. Hata hivyo umeme nao hulipiwa, na nyumba inayovuja joto kama ungo itaumaliza kama ilivyoumaliza mkaa wa mama yangu.

Mjukuu wangu anajiandaa kujenga, na wiki iliyopita alikuja kuniuliza bei ya saruji imefika shilingi ngapi. Nilimpa jembe na chupa tupu. Nikamwambia, nenda kwanza ukachimbe kiwanjani kwako, uone una udongo gani. Saruji tutaizungumza baadaye. Kisha tulikwenda wote wawili kwenye kisima. Miche ya misave niliyoipanda mwaka niliostaafu imekuwa miti ya kumfunika mtu. Maji hayajarudi kama enzi za baba, lakini mwezi wa Agosti, wakati ambapo zamani palikuwa pakavu kabisa, sasa unaweza kujaza ndoo ukiwa na subira.